Risala ya Kikundi cha Wachangia Damu wa Uyole kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Homa ya Ini Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Waheshimiwa Madiwani, watumishi wa afya, wazee wetu na ndugu wananchi. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha leo, 28 Julai, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu mazito ya wilaya ukaja kukaa nasi katika baridi hii ya Uyole.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianzishwa na akina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda baada ya mjamzito wa mtaani kwetu kukosa damu. Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeitikia kila wito wa uchangiaji, tuna sare, tuna akaunti benki, na elimu yetu imefika hadi saluni, ambako mteja siku hizi haketi kitini kabla hajaona wembe mpya ukifunguliwa.

Pamoja na hayo ipo changamoto moja, nayo ndiyo tuliyokuitia. Hatujui ni wananchi wangapi hapa wanaishi na homa ya ini C, ugonjwa wa kirusi kinachoambukizwa kwa damu.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa ya damu: VVU, kaswende, homa ya ini B na C. Tunajivunia hilo. Lakini mchangiaji ni mtu aliyechujwa. Amehojiwa, amepimwa uzito na wingi wa damu, na aliyejisikia vibaya amerudishwa nyumbani. Ukihesabu wachangiaji peke yao umewaacha wazee, umewaacha walioongezewa damu kabla kirusi hiki hakijagunduliwa mwaka 1989, waliochanjwa chale kwa wembe mmoja, na vijana wanaojidunga. Hao ndio wa kuhofiwa zaidi, na ndio wasiopimwa. Ugonjwa wenyewe hukaa kimya miaka mingi; ini likianza kusinyaa au kuota saratani, mgonjwa hufika hospitali tumbo limejaa maji.

Misri walijihesabu. Utafiti wa kaya wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa karibu watu 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na kingamwili za kirusi C, yaani alama kwenye damu kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini. Sehemu kubwa ya balaa hilo ilitokana na sindano zilizorudiwa katika kampeni za zamani za kutibu kichocho. Walipojua ukubwa wake, kuanzia 2018 walipima makumi ya mamilioni ya watu na kuwatibu bure. Hatusemi Mbeya ni kama Misri. Tunasema bila kupima hakuna anayeweza kutuambia tuko wapi. Na C haina chanjo, ila ina tiba: vidonge vya wiki 12 huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi letu la kupimwa si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilisikia, akaahidi vitendanishi, yaani vifaa vya kupimia, "ndani ya robo hii ya mwaka", tukapiga makofi na akina mama wakamchezea ngoma. Robo ile imepita na nyingine zimeifuata. Barua zetu za kukumbushia zimo kwenye faili la katibu, na nakala tumeziambatisha kwenye risala hii ili usipate taabu ya kuzitafuta. Vitendanishi vichache tulivyoazimwa kwa ajili ya zoezi la mwisho viliisha kabla ya adhuhuri. Mama aliyeacha viazi vyake sokoni akapanga foleni toka alfajiri aliambiwa arudi siku nyingine. Siku hiyo haijatajwa hadi leo.

Tunaomba vitendanishi vya kirusi C viwekwe kituo cha afya kwa kila mtu mzima anayetaka, si wachangiaji tu. Tunaomba pia atakayeonekana na kingamwili apate kipimo cha kuthibitisha, kwa sababu wapo ambao mwili uliwahi kukifukuza kirusi wenyewe, na si haki kuwaacha na hofu. Mashine zinazopima kifua kikuu kwa vinasaba zinaweza kufanya kazi hiyo zikipewa katriji, yaani vikasha vya kupimia, za kirusi C.

Tunaomba, Mheshimiwa, ututajie tarehe leo hii mbele ya wananchi, na mganga mkuu aiandike.

Tunaomba kuwasilisha.