Barua kutoka bustani yetu ya Manyatta

Manyatta, Kisumu
Mwezi wa Mei

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako ilinifikia, na nilifurahi kusikia kwamba watoto wameanza kuizoea baridi ya Nakuru. Umeniuliza kama inafaa uwakusanye majirani wa hiyo ploti yenu ya Free Area, mlime uwanja wa nyuma pamoja na watoto. Inafaa, tena anzeni mvua hii haijaisha. Ila kabla mtu hajashika jembe, kaeni chini mkubaliane nani atachuma, siku gani na kiasi gani. Huku kwetu kulima hakujamgombanisha mtu. Kuchuma ndiko kulikotutoa machozi.

Wajua sukuma wiki huchumwa majani ya chini, ya juu yakaachwa yaendelee kukua. Managu, yaani mnavu, ni kinyume: unakata ncha, mche unatoa matawi ya pembeni, na ukizidi kukata nayo yanazidi kuchipua. Watoto walilishika hilo mara moja. Hata yule mdogo wa chekechea atakuonyesha kwa kidole pa kukata. Taabu iko kwa wakubwa. Mwezi wa Machi tuliamka tukakuta safu nzima ya sukuma imechumwa mpaka kiini, vimebaki vijiti vitupu. Mboga yenyewe iliuzwa barabarani asubuhi hiyo hiyo. Binti yangu, ambaye safu ile ilikuwa yake, alichuchumaa pale akiupapasa mche mmoja mmoja, akaniuliza kama utakufa. Nilimwambia utachipua kando, na kweli ulichipua, lakini ulichukua wiki kadhaa na majani yakawa madogo. Nakuambia hasira niliyokuwa nayo siku ile haikuwa ya mboga. Ilikuwa ya mtoto aliyebeba maji tangu Januari, halafu mtu mzima akampita usiku akachukua.

Tulikaa na mzee wa nyumba kumi. Hatukumtaja mtu, ingawa kila mmoja alijua. Tulichokubaliana ni kwamba tutachuma Jumatano na Jumamosi jioni tu, mbele ya watu, na wanaochuma ni watoto. Kila nyumba inapata fungu lake, hata nyumba ambayo haikulima wiki hiyo kwa sababu ya kazi au ugonjwa. Inayozidi inauzwa ili tununue maji. Hilo la kuzigawia hata nyumba zisizolima lilipingwa sana, na bado kuna wanaonung'unika. Mimi nalishikilia. Mama anayeuza samaki soko la Kibuye tangu alfajiri hatapata nafasi ya kupalilia, na watoto wake ndio wanaomwagilia kuliko wote.

Sasa nikuambie kuhusu Dani, bibi yetu wa nyumba ya kona, unamkumbuka. Mwaka jana mrenda wetu ulikataa kuota. Tulipanda ukatoka mmoja hapa, mmoja kule. Dani akatuuliza kama mbegu ilionja moto. Alichukua mbegu zilizobaki, akazifunga kwenye kipande cha leso kuukuu, akaepua sufuria ikiwa imetokota, akakitumbukiza kile kifurushi huku watoto wakihesabu naye kwa Dholuo, achiel mpaka apar. Kisha akakitoa haraka na kukitia kwenye maji baridi. Ganda la mbegu ya mrenda ni gumu, maji hayapenyi mpaka lilegezwe. Tukapanda safu mbili jirani, moja ya mbegu zilizoonja moto na moja ya mbegu kavu. Siku chache baadaye safu ya Dani ilijaa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wale watoto walikimbia mlango hadi mlango kuita watu waje waone. Tangu hapo hawamsalimii Dani kwa mbali, wanamfuata mpaka ndani kumuuliza habari za mbegu. Kwa mabua ya managu wanasubiri vitunda vyeusi viive, wanavikamua, wanaosha mbegu na kuzianika kwenye gazeti kizingitini pake. Nyumba ile ilikuwa kimya sana tangu mzee wake afariki. Hilo peke yake lingetosha mimi niendelee na bustani hii.

Kuna jambo la kung'oa. Watoto watang'oa miche waone kama imeota mizizi, na utapiga kelele mpaka ukauke koo. Sisi tumewapa safu ya kunde iwe yao ya kung'oa. Kijana wa jirani aliye gredi ya tano ndiye aliyewaonyesha wenzake vile vifundo vidogo vilivyo kwenye mizizi. Ukikipasua kimoja kwa ukucha, ndani kina wekundu. Akawaeleza, kama walivyofundishwa kwenye somo la kilimo, kwamba mle mna bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Ile mboga ya mito nayo ina vifundo hivyo. Kwa hiyo palipokuwa na kunde tunahamishia sukuma, na watoto ndio wanaotukumbusha.

Maudhi mengine ni ya kawaida. Kuku, kwanza. Maji ya mfereji yakikatika tunabaki na jerikeni za mkokoteni. Wakati wa kiangazi udongo wetu mweusi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Vidukari weusi wakishika kunde, watoto hunyunyiza majivu asubuhi umande ukiwepo. Yote hayo yanavumilika.

Lisilonipa usingizi ni ardhi. Mwenye kiwanja alituruhusu kwa mdomo tu, na juzi keateka, msimamizi wa kiwanja, ametuambia kuna mtu amekuja kupima. Nawe basi omba ruhusa ya maandishi, hata kama ni mistari miwili. Sisi tumeanza kuhamishia mboga kwenye magunia, yanayoweza kubebwa. Unakata mkebe juu na chini, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto na kuuzungushia udongo uliochanganywa na samadi, halafu unauvuta juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo ya kokoto inabaki katikati, maji yanafika hadi chini. Ubavuni unatoboa matundu na kupandikiza miche.

Ila usiige kila kitu chetu. Sisi tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ninyi mko zaidi ya 1,800. Mrenda unapenda joto, huko utadumaa, kwa hiyo panda kidogo tu watoto wauone. Tegemea managu, saga (mgagani) na sukuma. Na udongo wenu huo wa majivu ya volkano ni mwepesi, maji yanapita upesi, basi samadi msiionee uchungu.

Mwanao aliyekuwa akitema managu, mpe tuta lake. Wangu alikuwa vivyo hivyo. Siku alipochuma za kwake, Dani alizichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akatia maziwa na kuzilaza usiku mmoja. Kesho yake mtoto alikula na ugali akaongeza, na sasa ananisimamia jikoni nisisahau maziwa.

Shemeji yako anasafiri kuja Nakuru mwisho wa mwezi. Nitampa mbegu za managu na saga, zilizokaushwa na watoto wenyewe, kila pakiti imeandikwa jina la aliyezikausha. Wanataka majibu, kwa hiyo waambie wako wawaandikie. Nawe nijulishe kama mwenye ploti amekubali kutia sahihi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.