Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wamiliki wa Zahanati Binafsi na Maduka ya Dawa, Kagera, 2025

Ndugu wanachama,

Mafunzo, ukaguzi wa leseni na michango ya misiba mnaijua, sina haja ya kurudia. Wanachama ni 58, waliolipa ada 21. Mkutano wa Agosti uliahirishwa kwa kukosa akidi. Wanaonung'unika zaidi kuhusu matumizi hawamo katika hao 21.

Sasa "hela za kiwanja", yaani fedha za chama za kununulia kiwanja, ambazo mnalalamika kwamba zimetumika kwa mambo mengine. Ni kweli zimenunua vifaa kinga na klorini, na mimi ndiye niliyesaini makubaliano ya ubia na serikali. Kamati iliridhia, muhtasari upo. Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, ilitangazwa mkoani kwetu Machi 2023: wagonjwa 9, vifo 6, na wawili kati ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Januari 2025 ikaja wilayani Biharamulo, wagonjwa 10, wote wakafariki. Mwenye homa haanzii hospitali ya rufaa, anaanzia kwetu akitaka dawa ya malaria. Ugonjwa ukishatangazwa, glovu zinapanda bei siku hiyo hiyo. Kiwanja kingetusaidia nini?

Makubaliano ni haya: zahanati inamtenga anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, inatoa taarifa ndani ya saa 24 na inatumia vifaa vyake kwa saa 72 za kwanza. Baada ya hapo serikali inarudisha kifaa kwa kifaa, si fedha. Kipengele hicho nilikipigania mwenyewe, kwa sababu dai la fedha likivuka Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, linageuka deni la nyuma, na madeni ya nyuma mnayajua.

Wapo waliotaka tufungie kila kitu ghala moja. Mipira ya barakoa hulegea, glovu hukakamaa, na unga wa klorini hupoteza nguvu huku ukitia kutu kila chuma kilicho jirani. Ndiyo maana tuligawa: unatumia boksi linalokaribia kuisha muda, unaweka jipya. Tatizo ni kwamba wengine wametumia bila kuweka. Boksi tupu rafuni halimkingi nesi.

Na klorini jamani. Unga wa klorini uitwao HTH, wenye nguvu ya asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita moja ya maji kwa sakafu na viatu (asilimia 0.5), na gramu 14 kwa ndoo ya lita 20 kwa kunawa mikono (asilimia 0.05). Kwenye ukaguzi tumekuta watu wanakadiria kwa kiganja, na ndoo ya juzi imeachwa juani. Changanya upya kila asubuhi, ufunike. Damu na matapishi hufutwa kwanza, la sivyo dawa inaishia kwenye uchafu.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuzungumza na wenye mabasi na maboti kuhusu kinga hii, na suala la kiwanja litaangaliwa hali ikiruhusu.

Daftari la vifaa liko kwa mhazini. Aliyetumia boksi la chama bila kuweka jipya alirudishe, na ada aje nayo.

Mwenyekiti