Barua kwa vijana wa usukani na wanaowapangia safari

Wanangu,

Nimeendesha malori ya mizigo sehemu kubwa ya umri wangu, na naandika kwa sababu nawaona mnavyorudi: macho mekundu, simu sikioni, mtu anawauliza mmefika wapi kabla hamjazima injini. Naomba mnisikilize kidogo.

Kuna safari moja sijaisahau. Tuliambiwa mzigo unatakiwa haraka. Nikakanyaga mafuta usiku kucha, nikala huku gari linatembea, utingo wangu akiniimbia nisisinzie. Saa kumi alfajiri tukafika. Lango limefungwa. Mlinzi akasema ghala hufunguliwa saa mbili, na lilipofunguliwa, karatasi za mzigo zikawa hazijatiwa saini. Tulianza kupakua saa nane mchana. Muda wote huo lori limesimama juani, nami nawaza ile kona niliyoingia vibaya usiku, gari lililotoka mbele likanipita ubavuni kwa upana wa kiganja. Dakika zote nilizozitafuta kwa roho yangu ziliishia langoni.

Pigeni hesabu wenyewe. Kilomita 100 kwa mwendo wa 80 ni saa moja na robo. Ukipanda hadi 100 unaokoa dakika 15, tena kama njia ni nyeupe, na njia nyeupe hatuipati kila siku. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na hata kwenye hiyo 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukitupia jicho ujumbe wa simu kwa sekunde mbili, umekwenda mita 44 kama mtu aliyefumba macho.

Sisemi mwendo ni mbaya. Wajapani walipozindua Shinkansen, treni yao ya mwendo kasi, mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, treni ilikwenda kilomita 210 kwa saa, na hadi leo hakuna abiria aliyekufa kwa treni hizo kugongana au kuacha reli. Waliijengea njia yake peke yake, isiyokatwa na barabara hata moja. Pale stesheni ya Tokyo wasafishaji huimaliza treni nzima kwa dakika 7, maana kila mmoja ana sehemu yake na anajua aanzie wapi. Kasi ile iliandaliwa kabla dereva hajakaa kitini.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga safari, hapa nawasihi hasa. Kwa wiki moja tu, andikeni saa lori lilipofika na saa lilipoanza kupakuliwa. Mtaona muda wenu unakopotelea. Hakikisheni karatasi zimetangulia na mwenye ghala anajua gari linaingia lini. Halafu mpeni dereva muda wa kupumzika ndani ya ratiba, asiuibe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, akishaendesha saa nne na nusu, sheria inamtaka apumzike dakika 45. Nanyi dakika za kupumzika zihesabuni kama saa za kazi.

Nanyi wa usukani, kagueni nati za magurudumu kabla ya kuondoka, hata kama bosi amesimama mlangoni. Akipiga simu ukiwa njiani, iache iite. Utampigia ukishaegesha.

Mzee wenu