Shukrani kwa mpima ardhi mstaafu wa Kimara

Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze safari za Kimara hadi Kivukoni, jijini Dar es Salaam, mwaka 2016, sisi wa bondeni tunakifikia kituo kwa kijia ambacho kila masika hukatwa na maji, hata wanafunzi wakalazimika kupita ukingoni mwa Barabara ya Morogoro. Mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu asiyependa kutajwa jina, alikipita kijia hicho chote pamoja nasi, akawauliza akina mama wa genge na watoto mahali wanapokatiza, akachora ramani inayoonyesha kila mfereji na kila uzio uliosogezwa njiani (hapo palihitaji ujasiri), kisha akatusaidia kumwandikia mwenyekiti wa mtaa. Ahsante sana, mzee wetu. Wenye taaluma kama yake, tunawaomba mhudhurie mikutano ya mitaa yenu.