Anayelipwa mkononi sio mkwepa kodi, muulizeni aliyeshika bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna maneno yanarudi rudi sana siku hizi, kwamba wafanyakazi wanaolipwa keshi mkononi ndio wanaoikosesha serikali kodi, tena wengine wanayasema kwa kebehi kabisa utadhani mtu anayepokea bahasha mwisho wa mwezi ana mtambo nyumbani wa kuficha hela. Mimi nimefanya ukarani wa mishahara miaka mingi, nimekaa upande wa ndani wa dirisha la malipo, kwa hiyo haya mambo nayajua kwa kuyaona na naomba mnivumilie nikirefusha.

Kwanza hili litoke kichwani, kulipwa keshi sio kosa. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, ule unaohusu ulinzi wa mishahara, unataka mtu alipwe kwa pesa halali ya nchi, asipewe kuponi wala vikaratasi vya ahadi, na unataka pia ajulishwe mchanganuo wa mshahara wake pale anapolipwa. Noti mkononi ruksa. Kinachokosekana huko makazini ni huo mchanganuo, na ndio ugomvi wangu wote leo.

Halafu kuna wanaoamini kwamba hela isiyopita benki haina kodi. Hapana jamani. Kodi ya mapato haiulizi hela imepita njia gani, iwe benki, iwe kwenye simu, iwe imekunjwa ndani ya gazeti, ukifanya kazi ukalipwa hayo ni mapato basi. Ila swali la nani anatakiwa kuipeleka hiyo kodi serikalini ni jingine kabisa, na hapa ndipo wanaotulaumu wanapochanganya mafaili.

Kodi ya mshahara nchi nyingi inakatwa kwa mtindo wa PAYE, yaani bosi anaikata kabla hajakupa chako na anaipeleka yeye. Tanzania anatakiwa awe ameshaipeleka ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, Kenya tarehe 9. Marekani walianza kukata hivi mwaka 1943 na Uingereza 1944, vita imepamba moto na serikali zinataka hela haraka, na waliona wazi kwamba kumkimbiza mfanyakazi mmoja mmoja ni kazi isiyoisha, bora wamkamate yule mwenye fungu la mishahara. Kwa hiyo sheria yenyewe ilishaamua zamani mzigo wa kukata na kupeleka ukae kwa nani. Leo tunamsimamisha mpokea bahasha barabarani tunamuuliza mbona hukukata, akate nini na hela hakuishika yeye?

Ngoja niwaambie kinachotokea dirishani. Kuna daftari kubwa la mistari, upande huu jina, upande ule sehemu ya sahihi, na katikati pale panapotakiwa kiasi unakuta pako wazi au pameandikwa kwa penseli. Nyuma yako watu wamepanga foleni wanasukumana, karani anakwambia sign hapa haraka wenzako wanasubiri, asiyejua kuandika anawekewa kidole kwenye wino. Unapewa bahasha, kwenye kona kuna namba moja tu imeandikwa kwa biro, hicho ndicho umebakiwa nacho, hakuna mshahara kamili ulikuwa ngapi, hakuna kodi ngapi wala mfuko wa hifadhi ngapi. Ukiuliza unajibiwa "kodi bosi keshakata". Halafu jioni ile penseli inafutwa inaandikwa namba nyingine ndogo zaidi na wewe sahihi yako iko pale pale, umeshakubali.

Sasa huyo aliyesema keshakata, huenda kakata kweli na kapeleka, wapo waungwana wa hivyo, tatizo lao ni uvivu wa kutoa slipu tu, yaani kile kikaratasi cha mchanganuo wa mshahara. Mwingine anakata kwako halafu anakaa nayo, anazungushia biashara, na huo mimi siuiti ujanja, ni wizi, na kaiba mara mbili, kwako na kwa serikali. Ila ninayemuogopa zaidi ni yule ambaye hakati kabisa na anakuja na maneno matamu, "mimi nimewasaidia vijana wangu, chukueni yote, mambo ya kodi tuachane nayo". Huyo anapendwa kweli! Watu wanamuombea dua. Hawajui kwamba mahali pengi bosi asipokata, deni linaweza kugeuka likamfuata mfanyakazi mwenyewe, na likija linakuja na riba na faini za miaka yote. Na yeye hapo kaokoa mchango wake wa mfuko wa pensheni aliotakiwa kukuwekea, kaokoa bima ya kuumia kazini, kaokoa na usumbufu wa kujaza ritani, ile fomu ya taarifa ya kodi, kila mwezi. Nani kamsaidia nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wanaokubali huu mpango kwa kuogopa kodi, hiyo kodi yenyewe hawadaiwi. Tanzania shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi. Kenya kuna nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi inayopunguzwa kwenye kodi yenyewe, kwa hiyo mwenye mshahara wa 24,000 kushuka chini PAYE yake inaishia sifuri. Uingereza nao wana kiwango chao, pauni 12,570 kwa mwaka haziguswi. Yaani mtu anakaa gizani miaka na miaka, hana slipu, hana michango, kisa anakimbia kodi ambayo akipigiwa hesabu anaambiwa nenda zako hudaiwi.

Na ukitaka kuona hasara ya kutokuwa kwenye vitabu angalia 2020 wakati wa korona. Uingereza serikali iliamua kulipa asilimia 80 ya mishahara ya waliosimamishwa kazi, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi, lakini sharti lilikuwa jina lako liwe limeshapelekwa na mwajiri kwenye taarifa za PAYE kabla au ifikapo tarehe 19 Machi mwaka huo. Aliyekuwa analipwa mkononi nje ya vitabu hakuwa na jina popote, kazi alifanya kama wenzake, jasho lilimtoka kama wenzake, ila kwenye karatasi hakuwahi kuwepo. Sio lazima janga la dunia nzima lakini, hata ukienda benki kuomba mkopo, au ubalozini kuomba viza, au ukikatwa kidole na mashine, swali la kwanza ni slipu ziko wapi.

Kwa wenzangu mnaopokea bahasha hata sasa hivi, usikae kusubiri mpaka nchi ibadilike. Kuwa na daftari lako mwenyewe, andika tarehe, siku ulizofanya, umepewa ngapi na nani kakukabidhi. Piga picha ile bahasha na ile namba ya biro. Mtumie bosi meseji fupi jioni hiyo hiyo, "shikamoo bosi, nimepokea kiasi fulani cha mwezi huu nashukuru", akijibu tu "sawa" umeshapata ushahidi bila kugombana na mtu. Hela ukiweza iingize yote kwenye akaunti siku ile ile halafu ndio utoe matumizi, steitimenti itakuja kukusemea siku moja. Na ukisaini daftari la dirishani, ile sehemu ya kiasi iandike wewe mwenyewe kwa peni, kwa namba na kwa maneno, watakununia kidogo lakini watazoea.

Hivi vitu sio vya kujifariji. Marekani kuna fomu inaitwa 4852, mwajiri akigoma kukupa hati yako ya mwaka ya mshahara na kodi, unaruhusiwa kujaza makadirio yako mwenyewe ya ulicholipwa na ulichokatwa, sasa utajazaje kama huna daftari? Na kule ukithibitisha kwamba ulikatwa, kodi ile inahesabika umelipa hata kama bosi aliila, atatafutwa yeye. Bila ushahidi ni neno lako na neno lake na yeye ana mwanasheria.

Slipu nayo ombeni, ila kwa akili. Najua kuna sehemu ukisema "naomba slipu" kesho unakuta nafasi yako ina mtu. Sema basi "samahani bosi, benki wamenitaka nipeleke kikaratasi cha mshahara", hapo unaonekana una shida zako za mkopo na sio mtu wa kuleta mapinduzi, na nimeona wagumu wengi wakilainika kwa njia hiyo. Halafu namba ya mlipakodi uwe nayo mwenyewe na nywila yake ukae nayo mwenyewe, usimwachie mhasibu wa ofisi akushikie. Tarehe ya kupeleka ikipita, pale panapowezekana, ingia kwenye mfumo uone kama jina lako limepelekwa. Na kama unatakiwa kujaza ritani ya mwaka, jaza, hata kama bosi hajapeleka kitu, maana kukaa kimya ndio kunakugeuza wewe kuwa mwenye kosa.

Niguse kidogo na hawa mabosi wanaomuita mwajiriwa "mkandarasi". Unafika asubuhi kwa saa yake, unatumia vifaa vyake, unaomba ruhusa kwenda msibani, halafu siku ya malipo unaambiwa wewe ni mtu wa kujitegemea kodi kalipe mwenyewe. Kama kweli unajitegemea, unapanga bei yako na wateja wako, sawa, kodi ni yako na utenge mapema kila unapolipwa usije ukaila yote. Marekani mtu wa hivyo anabeba mchango wa pande zote mbili wa hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, jumla asilimia 15.3, wakati mwajiriwa anabeba nusu tu. Ndio muone kwa nini hilo jina la ukandarasi linagawiwa bure bure.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu kwa wakubwa wa kodi popote gazeti hili linaposomwa ni moja. Bosi akipeleka PAYE kwa jina langu, niletewe meseji kwenye simu, mshahara uliotajwa ni huu, kodi iliyolipwa ni hii. Meseji hiyo ya mstari mmoja itaziba daftari la penseli kuliko semina zote, kwa sababu mfanyakazi ataona namba haifanani na ya kwenye bahasha, au ataona meseji haijaja kabisa. Na pawepo namba ya kutoa taarifa ambayo haitoboi siri ya aliyepiga, maana hakuna atakayemtaja bosi wake kwa jina lake huku ana watoto wanasoma. Wakishafanya hivyo halafu bado mtu akaficha, hapo mje mtulaumu na mimi nitawaunga mkono.

Naomba kuwasilisha.

Karani mstaafu wa mishahara