Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: paking na maduka yetu hapa katikati ya Moshi

Wanachama wenzangu, habari za kazi. Hesabu mhasibu atazisoma mwenyewe, ada zimeingia vizuri, kwahiyo muda wangu mwingi naomba niutumie kwenye hii ishu ya paking maana ndio imetuumiza kichwa mwaka mzima.

Desemba mnaijua. Watu wanarudi kutoka Dar kula Krismasi nyumbani, magari yanajaa kuanzia mnara wa saa mpaka kule stendi, mteja anazunguka mara tatu mara nne anakosa pa kusimama anaenda zake, na sisi tunasema mji hauna paking. Sasa kamati ikaamua kupita mtaani siku za kawaida, asubuhi, tuone nani anapaki. Jamani ni sisi. Mwenye duka anafika saa mbili anaegesha mlangoni kwake mpaka saa kumi na mbili jioni, na mimi nimefanya hivyo hivyo miaka yote, naomba radhi kwa hilo. Gari moja linataka kama mita 2.5 kwa 5, ukiweka na pa kugeuzia hiyo ni fremu nzima ya duka, na hapo hapo wangesimama wateja wangapi kwa siku, mtu wa kuingia kununua dawa dakika kumi katoka?

Wanaoumia zaidi ni wanaotembea, na hao ndio wateja wetu wengi. Mama katoka Kibosho na mkungu wake wa ndizi, anakuta gari limepanda njia ya waenda kwa miguu, anashuka barabarani kupishana na bodaboda. Mitaro tumeiziba kwa matairi ya magari tuliyopaki, wafagiaji hawafikii taka, masika ikija maji yanaingia madukani, na huu ndio mji unaosifika kwa usafi nchi nzima!

Wapo waliopendekeza nyumba kuukuu zivunjwe viwanja viwe vya magari. Napinga waziwazi. Ghorofa zile chini duka juu familia ndio zinafanya mtaa uwe na watu hata jioni, ukibakiza kokoto na jua kali hakuna atakayepita pale kwa miguu, na duka la jirani litakufa.

Ombi letu la miti na vivuko halijajibiwa na wahusika, tutakumbusha.

Gari langu siku hizi naliacha upande wa stesheni natembea, dakika chache tu. Fomu za kukubali kutopaki mbele ya maduka ziko kwa katibu, jina langu ni la kwanza, naomba tujaze kabla ya Desemba.