Malalamiko Kuhusu Breki za Pikapu Zisizoachia Baada ya Kubadilishwa Masta Silinda

Meneja,
Idara ya Matengenezo ya Magari,
Chake Chake, Pemba.

KUH: BREKI KUSHIKA ZENYEWE NA UKAGUZI USIOTOSHELEZA

Ndugu Meneja,

Assalamu alaykum. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Wete, mwenye pikapu ya kubebea karafuu na mazao mengine ya shamba, ambayo mbele ina breki za diski na nyuma ina za dramu. Niliileta gerejini kwenu kwa sababu pedali ya breki ilikuwa ikizama taratibu kila nikikaa nimeikanyaga, na mafundi wenu waliona, kwa haki kabisa, kuwa masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, imekwisha. Waliibadilisha kwa mpya, nikalipa na nikapewa risiti. Tangu siku hiyo pedali haikuzama tena kwa namna ile, lakini tangu siku hiyo hiyo breki hazitaki kuachia. Kila niliporudi kwenu kulalamikia jambo hilo niliuziwa spea nyingine, bila ya gari kukaguliwa hata mara moja ikiwa katika hali ya ubovu wenyewe.

Asubuhi, gari ikiwa baridi, haina neno: mtu mmoja anaisukuma kwa mikono ikaondoka. Ikishatoka Wete na kukaribia Chake Chake inaanza kuwa nzito, injini inajikakamua hata penye tambarare, na nikiweka gia huru haiserereki bali inasimama palepale. Rimu za mbele hazigusiki kwa moto, na harufu ya pedi zinazoungua inaingia mpaka ndani. Nikiiegesha kivulini ikapoa, breki zinaachia zenyewe kana kwamba halijatokea kitu.

Maelezo haya niliwapa mafundi wenu kila mara, nayo peke yake yalitosha kuwaonesha kuwa gari hii haikaguliki ikiwa baridi. Hata hivyo iliachwa uani mpaka kazi zilizotangulia zimalizike, na ilipofikiwa ilikuwa imeshapoa. Ikapandishwa jeki, magurudumu yakazungushwa yakazunguka, nikabadilishiwa pedi na kuambiwa kuwa pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Niliporudi tena nilibadilishiwa mipira ya pistoni za kalipa, yaani vile vibanio vinavyozisukuma pedi kwenye diski, na baadaye paipu za mpira za mbele.

Sikatai kuwa kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kusababisha breki kushika. Pistoni ya kalipa ikila kutu haitarudi ndani, na pini ambazo kalipa hutelezea zikikauka grisi, pedi moja hubaki imeegemea diski. Paipu ya mpira ikivimba kwa ndani huyapitisha mafuta pale mguu unaposukuma, kisha huyazuia kurudi. Lakini ubovu wa namna hii kwa kawaida hukaa kwenye gurudumu moja, nalo huwa la moto kuliko wenzake, na gari huvuta upande. Gari yangu haikuvuta upande. Magurudumu yote manne yalikuwa mazito, ya mbele yakizidi, kulia na kushoto sawasawa. Ubovu unaoshika magurudumu yote kwa pamoja hutafutwa pale yanapokutana yote, yaani kwenye pedali, kwenye busta inayouongezea mguu nguvu, na kwenye masta silinda, na masta silinda ndiyo iliyokuwa imetoka kufunguliwa na mafundi wenu.

Mara ya mwisho niliambiwa kuwa kosa ni la dereva, kwamba tunapakia kupita kiasi na kuteremka milima huku mguu umelazwa juu ya breki. Nalipinga jambo hili kwa sababu moja ya wazi. Mguu juu ya pedali utazipasha breki moto, lakini mguu ukiondoka pedi nazo huachia. Hizi zangu hubaki zimeshika na gari tupu, penye tambarare, dereva akiwa ameshuka.

Baada ya hapo nilimwita fundi wa hapa Wete, mtu mwenye gereji ndogo chini ya mwembe, na nilisimama naye kazi yote. Kwanza aliiendesha gari mpaka breki zikashika, akainyanyua palepale bila ya kuisubiri ipoe. Gurudumu la mbele la kulia halikuzungushika kwa mikono miwili. Akafungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa: mafuta ya breki yaliruka kwa nguvu, meusi kama chai ya mkandaa, na gurudumu likawa huru papo hapo. Kwa hiyo kalipa haikuwa na kosa, bali kulikuwa na presha iliyofungiwa ndani ya mafuta. Ingekuwa pistoni au pini ndizo zilizokwama, kufungua skrubu hiyo kusingelilegeza gurudumu.

Akaifunga skrubu, akakanyaga breki, na gurudumu likashika tena. Safari hii hakugusa paipu yoyote. Baada ya kuhakikisha kuwa pedali inarudi hadi juu na ina mchezo wake mdogo unaotakiwa kabla ya kuanza kusukuma, alilegeza nati mbili zinazoibana masta silinda kwenye busta, akaivuta mbele kwa milimita chache tu. Magurudumu yote yakaachia bila ya tone la mafuta kumwagika.

Jaribio hilo linamaliza ubishi. Ufito wa chuma unaotoka kwenye busta kusukuma pistoni ya masta silinda ni mrefu kuliko inavyotakiwa kwa masta silinda hii mpya. Kwa sababu hiyo pistoni hairudi mpaka mwisho wake, na mpira wake unakaa juu ya kijitundu ambacho mafuta hupitia kurejea kwenye kichupa chake cha akiba. Mafuta yakiwa baridi kasoro hii haionekani sana. Yakishika moto yanatanuka, na kwa kuwa njia ya kurudi imezibwa, yanazisukuma pedi zenyewe, pedi zinaongeza moto, na moto unazidi kuyatanua mafuta, mpaka gari inasimama. Ncha ya ufito huo ina skrubu ya kurekebishia urefu wake, na kupima urefu huo ni sehemu ya kazi ya kufunga masta silinda mpya. Kazi hiyo haikufanywa.

Ndugu Meneja, naomba lisichukuliwe kuwa ni suala la fedha zangu peke yake. Mafuta ya breki aina ya DOT 3, ambayo ndiyo mliyotumia, yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie angalau nyuzi 205 za selisiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, na hewa yetu ya visiwani haikosi unyevu. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya paipu, na mvuke haubani pedi. Katika kuteremka kuelekea bandarini Mkoani, gari ikiwa imejaa magunia na vijana wapakizi wamekaa juu yake, pedali ilikwenda chini mpaka sakafuni. Dereva aliikamata gari kwa gia na hendibreki, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu hakuna aliyeumia. Vijana wale ni watoto wa jirani zangu, na wazee wao ndio walioniuliza gari ina nini.

Kwa hayo yote, naomba kampuni yenu inirejeshee gharama za pedi, mipira ya kalipa na paipu za mpira, pamoja na ufundi wake, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichokuwa chanzo cha ubovu. Naomba pia urefu wa ufito ule upimwe na kurekebishwa mbele yangu, mafuta yote ya breki yatolewe na kutiwa mapya, na diski mbili za mbele zibadilishwe kwa gharama zenu, kwa sababu zimegeuka rangi ya buluu kwa moto na zina nyufa nyembamba zinazoonekana kwa macho. Beringi za mbele zifunguliwe nazo, kwa kuwa grisi imeyeyuka na kuchuruzika hadi kwenye rimu. Kazi ikimalizika, gari iendeshwe mpaka breki zipate moto kamili, kisha ndipo magurudumu yazungushwe, na matokeo niandikiwe.

Jengine ni kwamba, kama mmewafungia wateja wengine masta silinda katika kipindi hicho, nawasihi muwaite magari yao yakaguliwe, kwani yawezekana wapo wanaohangaika na pedi kama nilivyohangaika mimi.

Natarajia majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipoyapata, nitaliwasilisha suala hili kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar pamoja na risiti zote na pedi zilizoungua, ambazo nimezihifadhi. Gari kwa sasa haitembei. Ipo nyumbani Wete, na fundi wenu akija nitamrejelea jaribio lile lile mbele yake.

Wenu katika kushirikiana,

Mteja wenu, mwenye pikapu,
Wete, Pemba.